Megapikseli Hazipigi Picha

Swali linanifikia kwa simu, kwa ujumbe, nje ya kanisa baada ya ibada, hata msibani: "Shikamoo mwalimu. Nimepata kamera mbili za mtumba. Moja ina megapikseli 18, nyingine 24. Nichukue ipi?"

Anayeuliza anaweza kuwa mwanachuo anayetaka kuanza na picha za mahafali, mama mstaafu wa Njiro ambaye mwanawe kamtumia fedha, au chalii wa Sakina anayeota kupiga picha za ndege wa maziwa ya Momella. Kila mmoja hutaja namba hiyo na kuishia hapo. Haniambii lenzi iliyofungwa mbele ni ipi. Haniambii anakusudia kupiga picha za nini. Haniambii kama ameuliza mashine imeshafyatua mara ngapi. Nimelijibu swali hili kwa upole miaka mingi, na sasa nalijibu kwa maandishi ili atakayelileta tena nimpe gazeti asome.

Jibu lenyewe ni fupi. Kwa mtu anayenunua kwa mara ya kwanza SLR, ile kamera yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilishwa, kati ya megapikseli 18 na 24 hakuna tofauti atakayoiona kwa macho. Hata ya 12 isimtishe. Namba hiyo ndiyo ya mwisho kuulizwa, na kwa mashine nyingi zinazouzwa Arusha leo haina haja ya kuulizwa kabisa.

Wanaoamini namba wajibiwe kwa namba. Picha ya megapikseli 24 ina nukta 6,000 upande mrefu na 4,000 upande mfupi. Zidisha, unapata milioni 24. Picha ya megapikseli 18 ina nukta 5,184 kwa 3,456. Sasa usizidishe tena, linganisha pande zenyewe. 6,000 inaizidi 5,184 kwa chini ya asilimia 16. Ongezeko ulilolilipia ni hilo tu: picha ambayo ungeisafisha kwa upana wa sentimita 30 utaweza kuisafisha kwa sentimita 34 na ushee, ukali ukibaki uleule. Muuzaji akikwambia 24 inaizidi 18 kwa theluthi, hasemi uongo, ila yeye anahesabu eneo, na jicho lako linapima urefu wa mistari. Ukitaka undani uongezeke maradufu kila upande, nukta lazima ziwe mara nne. Kutoka 18 ungehitaji 72, na SLR ya namna hiyo, katika familia hizi za Canon na Nikon tunazozitumia, haikuwahi kutengenezwa. Canon 5DS ya mwaka 2015, iliyokuwa kinara wa mbio hizo, iliishia 50.6.

Halafu jiulize picha zako zinaishia wapi. Televisheni ya sebuleni ya Full HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani megapikseli mbili na chembe. Picha ya inchi nne kwa sita, ile ya albamu, ikisafishwa studio kwa nukta 300 kwa kila inchi, inatumia megapikseli 2.16. Ukubwa wa A4, ambao ndio fremu kubwa katika nyumba nyingi ninazoingia, unatumia 8.7. Ukimtumia shangazi picha ya harusi kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaipunguza mpaka ibaki megapikseli mbili hivi, uwe umepiga kwa mashine ya 12 au ya 50. Umelipia nukta milioni 24, shangazi amepokea milioni mbili, na bado anakupigia kusema picha imetoka safi. Anasema kweli.

Mwaka 1999 Nikon walitoa D1, mashine ya wapiga picha wa magazeti. Ilikuwa na megapikseli 2.7. Picha zake zilichapwa kurasa za mbele duniani kote na hakuna msomaji aliyelalamika kwamba nukta ni chache. Mwaka 2006 kampuni hiyohiyo ilitoa D40, kamera ndogo ya anayeanza, yenye megapikseli sita. Faili yake ukiitandaza kwenye A4 unapata kama nukta 257 kwa kila inchi. Ishike karatasi hiyo kwa umbali wa mkono ulionyooka, na mimi sitakulaumu ukishindwa kuitofautisha na ya nukta 300. Hakuna anayeweza.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mwaka 2007. Mwaka huo zilitoka kamera mbili zenye megapikseli 12.1 kila moja. Ya kwanza ni Nikon D3, dubwana la wapiga picha wa michezo na vita. Ya pili ni Canon PowerShot G9, kamera ya kutia mfukoni. Namba ni ileile mpaka kwenye nukta ya desimali. Ukizipeleka zote mbili ukumbini usiku, ukazipandisha ISO, yaani kiwango cha kuukuza mwanga, mpaka 1600, moja inakuletea ngozi, kitambaa na tabasamu, na nyingine inakuletea chenga. Kama megapikseli ndizo zinazopiga picha, hili lisingewezekana.

Sababu iko kwenye kihisi, kile kibao kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Cha D3 kina upana wa milimita 36 na urefu wa 24. Cha G9 hakifiki milimita nane kwa sita. Eneo la kwanza ni karibu mara 20 ya la pili. Kila Mmeru mwenye kihamba analijua jambo hili bila kufundishwa: panda migomba mia kwenye eka moja, kisha panda mia nyingine kwenye kiwanja cha kujengea choo. Idadi ya migomba ni ileile, mikungu hailingani. Nukta iliyobanwa inapokea mwanga kidogo, na kamera inapolazimika kuukuza mwanga huo mdogo, inakuza na uchafu wake. Uchafu huo ndio chenga.

Hapo ndipo mtu anaponitolea simu mfukoni. "Mwalimu, mbona hii ina 108?" Nina hakika inazo. Kihisi chake ni kidogo mara tano au zaidi kuliko cha SLR ya kawaida ya anayeanza, na waliokitengeneza wanaujua udhaifu huo vizuri kuliko mimi na wewe. Ndiyo maana simu yenyewe, usipoiamuru vingine, inaunganisha nukta tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Kampuni inaandika 108 kwenye boksi, kisha inatumia 12 kwenye kazi. Nikiwaambia watu hivi hunitazama kama nimewatukana.

Kuna wanaoumizwa zaidi na imani hii, na hapa uvumilivu wangu unakwisha kabisa. Mtandaoni na mitaani zinauzwa kamera nyeusi, zina mshikio mzuri, zina mdomo mkubwa wa lenzi, na zimeandikwa 48 MP kwa herufi za dhahabu. Kwa mbali ni SLR. Ishike: ni nyepesi, lenzi haitoki, na ukichungulia huoni kioo cha kukuletea picha mpaka kwenye jicho. Ndani kuna kihisi kidogo cha bei ya chini, na nukta nyingi kati ya hizo milioni 48 zimebuniwa na programu kwa kukisia rangi ya jirani. Mtu ameweka akiba miezi, amenunua namba, na hawezi kubadili lenzi, hawezi kupiga usiku, hawezi hata kuiuza. Waliomuuzia walijua fika kwamba angeuliza megapikseli ngapi na asingeuliza lingine. Ulaghai huu unasimama juu ya swali lile lile.

Nirudi ukumbini, maana wengi wenu mnataka kuanzia harusi, send-off na kipaimara. Lenzi inayokuja ndani ya boksi ni ya milimita 18 mpaka 55, na ukivuta karibu tundu lake linafika f/5.6 tu. Namba hii inakwenda kinyume: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6. Mara kumi, ndugu zangu. Pale ambapo lenzi ya boksi inakulazimisha ISO 6400 na bibi harusi anatoka chengachenga, ile ya f/1.8 inafanya kazi kwa ISO 640 na shela inaonekana uzi kwa uzi. Kwenye bodi ileile. Kwa megapikseli zilezile. Hakuna hatua kutoka 18 kwenda 24 wala kwenda 50 itakayokupa hata robo ya hicho, na lenzi ninayoisema ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa kwenye rafu.

Darasani nina picha mbili za ukubwa wa A4, zimesafishwa studio moja siku moja. Zote ni za mama mmoja muuza ndizi wa Tengeru, aliyeniruhusu. Ya kwanza nilimpiga saa sita na nusu mchana kwa mashine ya megapikseli 24 na lenzi ya boksi. Kilemba chake kimetupa kivuli mpaka chini ya pua. Macho hayaonekani, ni mashimo mawili meusi. Kipaji cha uso kinang'aa jasho, shavu limekuwa na madoa ya mwanga uliopenya kwenye turubai la kibanda, na ndizi zilizo mbele yake, ambazo zilikuwa za kijani kibichi, zimechujuka. Ya pili nilimpiga saa moja na robo asubuhi, gulio linaanza kupanga, kwa ile D40 ya megapikseli sita na lenzi ya milimita 35. Jua liko chini, linaingia ubavuni, linapita chini ya kilemba mpaka kwenye mboni, na ndani ya kila mboni kuna kidoti cheupe. Mistari ya vidole vyake inahesabika. Umande uko bado kwenye ndizi.

Nawauliza wanafunzi ipi imepigwa kwa kamera ya gharama. Karibu wote wananyooshea kidole ya pili, na baadhi wakiambiwa ukweli hukataa mpaka niwafungulie faili.

Tuko chini ya nyuzi nne kusini mwa ikweta. Jua la Arusha halijikokoti kwenye upeo wa macho kama la Ulaya, ambako vitabu na video nyingi mnazojifunzia zilitengenezwa. Linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi, kisha linapanda wima. Kufika saa nne kasorobo limeshafika nusu ya njia kuelekea utosini. Anayesoma kwamba mwanga mzuri wa asubuhi unadumu saa mbili au tatu, kisha akatoka nyumbani saa tatu baada ya chai, amekosa shughuli. Nasisitiza hili kwa sababu halina gharama yoyote na linabadilisha picha kuliko kitu chochote kinachouzwa.

Mlima nao unasingiziwa. Kila mwaka naletewa picha za Meru zilizopigwa adhuhuri kutoka Kisongo au Njiro, mlima umekuwa kivuli cha samawati kilichofifia, nusu yake wingu. Mwenye picha anasema kamera yake "haivuti vizuri", megapikseli ni chache. Kilichoufifisha mlima ni hewa iliyo katikati: vumbi la kiangazi, moshi, mvuke unaopanda ardhi ikipata joto. Ukipandisha nukta kutoka 18 kwenda 50, utapata picha ya vumbi lilelile kwa nukta nyingi zaidi. Anayetaka kuipata Kilimanjaro kutoka mteremko wa Meru anapiga kupitia kilomita 70 hivi za hewa, na kwa umbali huo dawa ni moja: alfajiri, siku inayofuata mvua kubwa, kabla mawingu hayajajikusanya kiunoni mwa mlima. Wengi wenu mmewahi kusikia habari za filamu ya Hatari!, ile ya John Wayne iliyotoka mwaka 1962. Sehemu kubwa ya mandhari yake ni hapa hapa, Momella na nyika zinazouzunguka mlima wetu, na mpiga picha wake, Russell Harlan, alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Hapakuwa na megapikseli hata moja. Palikuwa na mtu aliyejua aingoje saa gani.

Kwa haki, nitaje wanaofaidika na nukta nyingi. Mpiga ndege anayefika Momella na lenzi ya milimita 300, akamkuta heroe mbali katikati ya ziwa, atalazimika kukata picha na kubaki na kipande. Hapo 24 inamwachia nyama zaidi kuliko 12. Vilevile anayesafisha picha za ukuta mzima zitakazotazamwa kwa karibu. Lakini mpiga ndege huyohuyo akifyatua kwa kasi ya 1/125 huku mkono unatetemeka na gari limewashwa injini, nukta nyingi zitamwonyesha mtikisiko kwa ufasaha zaidi. Afyatue kwa 1/1000 kwanza, azime injini, alaze lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani. Baada ya hapo ndipo tuzungumze nukta, na tutazungumza kwa ufupi.

Basi, mnunue nini. Nitakwenda haraka kwa sababu nafasi yote imeliwa na lile swali lililotakiwa kuzikwa.

Nunua mtumba. Tangu mwaka 2018 Canon na Nikon wote wawili wameelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo, na wenye fedha wanauza SLR zao. Hilo ni neema kwenu. Lenzi za Nikon za kishikizo cha F zimetengenezwa tangu 1959 na za Canon EF tangu 1987, kwa hiyo lenzi za mtumba hazitakwisha kesho.

Kabla ya kulipa, uliza imefyatua mara ngapi. Mashine za anayeanza kwa kawaida hukadiriwa kufyatua kama mara 100,000. Iliyopigia harusi kila Jumamosi inaweza kuwa imeshavuka. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya kila faili. Mwambie muuzaji apige picha moja mbele yako, akutumie kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, kisha uisome kwa programu ya kusoma taarifa za faili. Canon nyingi haziandiki, hivyo mpe fundi aipime kwa kompyuta. Muuzaji akikataa, ondoka.

Washa tochi ya simu, ipitishe ndani ya lenzi. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe zinazotambaa, ni kuvu, rudisha. Piga picha ya mbingu kwa f/16: madoa meusi yanayobaki mahali palepale ni vumbi kwenye kihisi, linasafishika, tumia kama sababu ya kupunguziwa bei. Fyatua ukitumia flashi ya juu ya bodi. Fungua mlango wa betri uone kama una kutu.

Kwenye Nikon, kumbuka kwamba D40, na familia zote za D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Lenzi ya Nikon isiyoandikwa AF-S wala AF-P utaizungusha fokasi kwa mkono, na zile za AF-P hazitafokasi kabisa kwenye D40 wala D3100. Kwenye Canon mambo ni rahisi: SLR ndogo zote tangu 300D ya mwaka 2003 zinapokea EF na EF-S, na zote zinafokasi zenyewe. Lenzi za RF ni za kamera zisizo na kioo, haziingii. Usiuziwe kwa sababu zimeandikwa Canon.

Memori kadi za bandia zimejaa. Inayodai GB 128 kwa bei ya soda mbili ni uongo. Ijaze video mpaka mwisho siku ya kwanza, kisha angalia kama zote zinafunguka.

Ukishanunua, weka kwenye A, au Av kama ni Canon, ili tundu ulichague wewe, ISO ya kujiendesha isizidi 3200, kasi isipungue 1/125 kwa watu waliotulia. Jifunze kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga kabla ya kingine chochote, kwa maana kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au mbingu, kamera itamtia giza: ongeza moja, hata moja na nusu. Mbega aliyekaa ndani ya msitu wa Ngurdoto, kamera itamfanya weusi wake uwe majivu na mkia wake mweupe uungue: punguza. Bibi harusi katikati ya wasindikizaji wenye suti nyeusi, piga, angalia shela, rekebisha. Flashi ya kuchomeka ielekeze darini, isiwapige watu usoni.

Usibadili lenzi ndani ya gari lililo wazi barabara ya vumbi. Usifute kioo kwa spiriti, khanga wala dawa ya meno. Dawa ya meno haiondoi mkwaruzo, inaondoa ule utando wa kinga uliolipia. Usihifadhi kamera kwenye mchele. Mchele una unga, na unga unaingia kila mahali. Wakati wa masika, tangu Machi mpaka Mei, iweke kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na uitumie mara kwa mara.

Usimpige picha mtu bila kumwomba, awe Mmasai pale Mnara wa Saa au mama wa Soko la Kilombero. Kambi za jeshi na vituo vya polisi usivielekezee lenzi kabisa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi, na kwa anayeanza hiyo ni bora kuliko kupiga kupitia dirisha la gari. Ingia lango linapofunguliwa, si saa nne.

Na mwenye fedha ya kutosha ama bodi mpya ya megapikseli 24 pamoja na lenzi ya boksi peke yake, ama Nikon D3100 ya mwaka 2010 yenye megapikseli 14 pamoja na lenzi ya AF-S milimita 35 ya f/1.8, achukue D3100. Chenji itakayobaki anunue betri ya pili, na Jumamosi hii awe Tengeru kabla ya saa moja asubuhi.